Wimbo wa Lebo Nyekundu

Bwenini, Tabora
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwako Babu Emilian,

Shikamoo. Mimi mjukuu wako sijambo, kikohozi kimekwisha. Wasiwasi wangu ni miguu yako. Je, uvimbe umepungua? Shangazi Josepha anakupikia bila chumvi kama daktari alivyosema, au unaiiba akienda kisimani?

Babu, nina habari kubwa. Bendi ya salsa kutoka Kuba inakuja kupiga hapa Tabora, Jumamosi tarehe 26, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mwalimu Tekla wa kwaya ameruhusiwa kutupeleka wasichana wanane, nami nimo. Njoo, Babu! Ujana wako wote ulipiga tarumbeta nyimbo za Wakuba ulizozitoa kwenye santuri, lakini wenyewe hujawahi kuwaona. Nitakushikia kiti cha mbele.

Mjukuu wako,
Consolatha


Usoke, 19 Julai 2025

Kwako Mama,

Marahaba. Nakuita Mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, usijivune. Chumvi siibi. Naiomba kwa jirani.

Siwezi kuja. Miguu imejaa kama magunia, na nikitembea hadi mlangoni pumzi inakatika. Nenda wewe, unifanyie kazi moja.

Bendi yetu ilikuwa na santuri ya Kuba yenye lebo nyekundu. Maandishi yalikuwa yamefutika, basi wimbo wenyewe tukauita Nyekundu. Tuliupiga polepole, watu wakicheza kama wanaobembeleza mtoto. Mwaka 1974, kwenye arusi pale Cheyo, Hamdun mpiga tumba wetu akauanza mbio. Akasema Wakuba wanaupiga hivyo. Mimi nikasimama na tarumbeta mkononi, sikupuliza. Wachezaji wakasimama. Bibi arusi akalia. Tangu siku hiyo mimi na Hamdun hatujasalimiana, naye ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Yuko Chemchem, hukohuko Tabora, anauza vipuri vya baiskeli.

Nataka kujua kabla sijafa. Kama haki ilikuwa yake, nitamwita hapa nimwombe radhi. Kama ilikuwa yangu, aje yeye. Tarumbeta inaanza hivi: so, so, la, so, mi, re, do. Ukizisikia noti hizo, tega sikio. Kisha uniambie kweli.

Babu yako,
Emilian


Bwenini, Tabora
Jumapili, 27 Julai 2025

Kwako Babu mpendwa,

Shikamoo. Matroni aliniambia jana asubuhi kuwa Shangazi amepiga simu, kwamba sasa huwezi kulala chali na unakesha umekaa. Je, leo umepata usingizi? Nimekuombea kwenye misa.

Tulikwenda. Wakuba walikuwa kumi na mmoja, wote mashati meupe, na mpiga tumba alikuwa anakunywa chai ya moto katikati ya nyimbo. Mwanzoni watu walikaa wima kama wako kwenye mkutano wa wazazi. Mshereheshaji akasema, "Jamani Tabora, hawa wametoka ng'ambo ya bahari, nyinyi hata kiti hamtaki kukiacha?" Mama mmoja akainuka, kisha ukumbi mzima. Sisi tulikatazwa kucheza. Anifa, kiranja wetu, akaninong'oneza, "Tazama miguu ya Mwalimu." Mwalimu Tekla alikuwa amevua viatu! Tulicheka mpaka tukatokwa machozi.

Tarumbeta zilikuwa mbili, na ziling'aa. Nilitamani uwe pale kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

Nyekundu waliipiga. Nilizitambua noti zako. Waliipiga polepole, Babu, kama nyinyi. Mzee Hamdun nilionyeshwa kwa mbali tu.

Lala vizuri.

Mjukuu wako,
Consolatha


Usoke, 4 Agosti 2025

Kwako Mama,

Marahaba mara saba. Barua yako nimemsomea Josepha mpaka amekimbilia jikoni. Nimekula ugali wote. Jana niliitisha tarumbeta, nikapuliza noti tatu, mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Kumbe polepole! Basi, sasa Hamdun anajua njia ya Usoke. Aje aombe radhi, nami nitampokea. Asipokuja, mimi simwiti. Nimengoja miaka hamsini na moja, kuongeza mingine si kitu.

Soma kwa bidii. Una sikio zuri.

Babu yako,
Emilian


Bwenini, Tabora
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kwako Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, kwa sababu ninayoandika ni mazito. Nimenyamaza wiki tatu. Kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi. Jana nilikwenda kuungama, na padre akaniambia ukweli huo una mwenyewe, nimpelekee.

Babu, nilikudanganya. Nyekundu waliipiga mbio, mbio sana. Kama usingeniandikia noti zile, nisingeutambua. Ni wimbo wa furaha, watu waliruka. Nilikuwa nimeambiwa asubuhi ile kwamba huwezi kulala, nikaogopa kwamba ukweli utakuumiza moyo. Nilidhani nakusaidia.

Na Mzee Hamdun sikumwona kwa mbali. Alikaa safu ya nyuma yetu, akipiga mgongo wa kiti changu kwa vidole. Wimbo ulipoanza vidole vikasimama. Nikageuka, nikamkuta analia. Mwalimu Tekla, mteja wake wa vipuri, akatutambulisha.

Akasema, "Wewe mjukuu wa yule mbishi wa Usoke? Masikio ndiyo hayohayo! Bado anapuliza?"

Nikamwambia unaumwa. Akafuta uso kwa kofia yake.

"Nilidhani siku nikiusikia hivi nitacheka," akasema. "Mwandikie ulichosikia. Mimi simdai kitu. Akiniita hata kesho, nakwenda. Lakini kwa mtu aliyeniaibisha mbele ya watu siendi mpaka aniite."

Sasa wewe unamngoja yeye, naye anakungoja wewe, na aliyesimama katikati ni mimi. Nisamehe. Mwite, Babu, tafadhali.

Mjukuu wako asiyestahili sifa ya sikio,
Consolatha


Usoke, 30 Agosti 2025

Kwako Mama,

Marahaba. Naandika nimeegemea ukuta, usicheke mwandiko.

Nilijua. Mwaka 1988 niliusikia wimbo ule redioni, mbio kama alivyosema Hamdun. Nikaizima redio. Gramafoni tuliyojifunzia, ya kuzungushwa kwa mkono, ilikuwa ya parokia, na springi yake ilikuwa kuukuu. Niliogopa isinikatikie mikononi, basi nilikuwa naizungusha nusu tu, na santuri ikawa inajivuta. Wenzangu hawakujua, kwa sababu sikuruhusu mtu mwingine aiguse. Yeye aliposema wimbo unakimbia, ningeweza kusema, "Subiri, pengine ni mashine." Sikusema. Baadaye nikaona haya, na haya ikizeeka inafanana na kiburi.

Uliponiandikia polepole nilifurahi kama mtoto, ingawa nilijua si kweli. Kwa hiyo usijilaumu. Uongo ule niliuanza mimi kabla mama yako hajazaliwa.

Nenda Chemchem. Mwambie Hamdun kwamba Emilian anakuita. Mwambie nilizungusha nusu. Aje anicheke, ana haki. Asichelewe.

Babu yako,
Emilian


Bwenini, Tabora
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwako Babu,

Shikamoo. Sijui niulize vipi hali yako, kwa hiyo naacha. Mimi sijambo kiasi. Shangazi Josepha amekonda, lakini anakula.

Barua yako nilikabidhiwa ofisini Jumatatu, niliporudi kutoka kukuzika. Ilifika shuleni siku ileile niliyoitwa nyumbani. Mimi na barua tulipishana njiani. Mwalimu Tekla ametufundisha kwamba barua haikai bila jibu, ndiyo maana naandika.

Nimehesabu siku. Zile wiki tatu nilizonyamaza zingetosha kumfikisha Mzee Hamdun Usoke na kumrudisha. Nimelisema hili kwa padre pia. Amenipa sala, lakini hesabu haijabadilika.

Jana Mwalimu alinisindikiza Chemchem. Mzee Hamdun alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli ya mteja. Hakuwa amepata habari. Nikamsomea barua yako yote, kwa sababu nilishindwa kuanza na msiba. Nilipofika mahali pa kuzungusha nusu, alicheka, Babu, alicheka kwa sauti mpaka mteja akacheka asichokijua. "Nusu! Miaka yote hiyo, nusu! Mwizi huyu!" Kisha akatazama nguo yangu nyeusi.

Akakaa juu ya kreti. Mteja akaondoka bila baiskeli yake.

"Aliandika lini?"

"Tarehe thelathini, Babu."

"Basi aliniita yu hai."

"Ndiyo."

"Nisomee tena pale aliponiita."

Nikamsomea. Akaniomba mara ya tatu. Nilipomaliza, akanawa grisi mikononi, akauliza basi la Usoke linaondoka saa ngapi. Nikamwambia, "Babu, ameshazikwa." Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Lakini si nimeitwa?"

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Tutafika Jumamosi, kabla ya saa sita.

Mjukuu wako,
Consolatha