Jicho la Pili la Dastan

Ngumbo,
Jumapili, 18 Agosti

Mpendwa mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Kitura, wewe na mdogo wetu Violet, na kwamba baridi ya mwaka huu haijakuzidi kifua. Sisi huku tunapumua, ingawa siwezi kusema tu wazima. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningekatisha maneno. Violet, wewe utakayemsomea mama, nakuomba usiruke hata mstari mmoja.

Mama, ni wiki ya sita sasa tangu mdogo wangu Dastan aumie jicho la kulia. Hilo halioni tena, nawe unalijua. Usilolijua ni kwamba tangu Jumatatu jicho la kushoto, ambalo halikuguswa na kitu, limeanza kuwa jekundu. Akitoka nje analifunika kwa kiganja, anasema jua linamchoma hadi ndani ya kichwa. Juzi alinipita pale tunapochongea maboti, akamsalimia fundi mwenzetu Alphonce kwa jina langu.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari yule alimwangalia kwa muda mrefu na kile kitochi chake, kisha akaniita pembeni. Alisema jicho likichomwa vibaya, mwili huweza kuligeukia hata lile zima, kana kwamba nalo ni adui. Ameanza kumpa dawa kali. Aliniambia huenda zikaliokoa, huenda zisiliokoe, naye hataki kunidanganya. Kisha akauliza kama siku ile kulikuwa na pombe. Alisema majeruhi wa macho anaowapokea, wengi wamelewa au wameumizwa na mlevi: mkono unakosea, kope inachelewa kufumba, na mwenye miwani ya kazi anaona ya nini kuivaa. Nilimjibu kwamba hakukuwa na pombe.

Mama, wewe uliambiwa kwamba Dastan alikuwa peke yake, amelewa, akajipiga na msumari. Ulimkaripia kwenye simu, ukamwambia amekuaibisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake nikisikiliza.

Hakuwa peke yake. Jumapili ile mwenye boti alitaka lishuke majini kesho yake, tukarudi kazini baada ya misa. Mimi nilibeba komoni, ile pombe ya kienyeji, dumu la lita tano. Dastan alikunywa kikombe kimoja, iliyobaki niliimaliza mimi. Ilipofika saa kumi alasiri yeye ameshika ubao, nyundo ninayo mimi. Akaniambia, "Kaka, mkono wako unatetemeka. Tuache, tumalizie asubuhi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Msumari huu mmoja tu."

Niliupiga ubavuni. Uliruka, nikasikia ameguna, basi, hakupiga hata kelele. Nilidhani umempita. Alipoondoa mkono usoni ndipo nilipoona.

Na hilo si baya kuliko yote. Pikipiki za kumpeleka hospitali zilikuwepo, mama. Mbili zilipita barabarani tukiwa bado tumesimama pale. Sikusimamisha hata moja, kwa sababu nilikuwa nanuka, na ulikuwa mwezi wa nne tu tangu nikuapie mbele ya padri kwamba nimeacha. Nilimwosha kwa maji ya ziwa, nikamfunga kitambaa, nikamwambia alale, litapoa. Nilimlaza siku mbili. Nilipomfikisha hospitali Jumanne, usaha ulikuwa unatoka. Njiani ni yeye aliyeniambia, "Nitamwambia mama nilikuwa peke yangu, nimelewa. Mama akijua umerudia, atakufa kwa mawazo."

Kesho asubuhi ninarudi kwa daktari kumweleza ukweli. Dastan hajui kwamba nakuandikia, na akijua atakasirika. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ninachoomba ni kwamba usingoje kahawa ianikwe yote. Waachie majirani, uje wiki hii hii na Violet. Ukimkuta Dastan, simama karibu, mahali penye mwanga usio mkali, akuangalie usoni mpaka atosheke.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu awalinde barabarani kwenye kushuka milima.

Ni mimi mwanao,
Othmar