Mustari wa Paluku

Mama Paluku,

Miye bwana yako niko na myaka sabini na ine. Baba yangu hakufika hapa. Ndugu zangu bote wa tumbo moja nimebazika, maraisi tuliopigia makofi bamepita, na meno yote ya juu imekwenda, miye nimebaki. Kama ni mutoto wa dada yako anakusomea hii barua, muambie asome polepole. Imeandikwa na mukono yangu mwenyewe. Hapa Kasese utatafuta muzee wa umri yangu anayeandika hivi, hutamupata.

Goti yako inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa niliyotuma na muuza samaki ilifika? Maharagi ilishika? Miye niko muzima. Nakohoa kidogo juu ya vumbi ya malori ya simenti ya Hima, lakini kukohoa haiwezi kuniua.

Sasa kuko habari, na haiko nzuri.

Unajua nalinda lango ya nyumba ya mikutano, pale parokia. Batu ba utafiti bamekuja kufanyia kazi pale. Banaandika jamaa zetu, za huku na za ngambo ya mupaka: nani alizaa nani, nani alihama, nani alikufa. Kundi moja iko hapa, moja Bwera, moja kwetu Butembo. Kitabu ni moja, lakini kila kundi iko na kopi yake ndani ya ordinateri, ile masini ya kuandikia. Mwalimu ni Biira, binti wa Bulembia. Aliniita niseme habari ya jamaa yetu, mutu mwingine aandike. Nikakatala. Nikamuambia, "Maneno yangu, vidole vyangu." Akacheka, akaniketisha pamoja na banafunzi.

Anafundisha hivi. Ukibadilisha kitu, unaweka jina yako, unaandika sababu, ndipo unatuma kwa kitabu ya bote. Ile ya zamani haipotei, inabaki chini, mutu anaweza kuirudisha. Batoto ba chuo banasahau kuandika sababu. Miye sisahau. Biira alisema mbele ya bote, "Muangalie huyu baba yetu, Tata, anavyofanya."

Basi kwa mustari wa mutoto wetu wa kwanza niliandika: Paluku, marehemu. Sababu: nilimuzika mwenyewe kule Hamukungu, kwa bavuvi ba ziwa. Nikatuma.

Juma iliyofuata masini ikakatala kuunganisha kopi yetu na ya Butembo. Ikaonyesha mustari ule mara mbili, na alama katikati. Juu, neno yangu: marehemu. Chini: iko muzima, anarudi. Na jina ya mwenye kusema: Kavira.

Unajua kwetu kila mutoto mwanamuke wa pili ni Kavira. Mule ndani ya kitabu bamejaa. Nikajua ni musichana fulani wa kundi ya Butembo amechanganya Paluku wetu na Paluku wa batu. Nikasimama. "Kavira gani huyu anacheza na mufu wangu? Alimuona wapi?" Nilisema na mengine, haifai uyasikie.

Biira akaniacha nimalize. "Tata, soma sababu."

"Soma weye."

"Si ni weye ulikatala kusomewa?"

Nikasoma. Iliandikwa: miye ndiye mama yake, na kitanda yake naitandika kila asubui.

Nikaketi.

Mwanafunzi moja akasema, "Muzee, bonyeza tu yako, ile ingine itatoka."

Biira akamunyamazisha. Akaniambia, "Masini haijui nani anasema kweli. Inasimama ili batu bazungumuze kwanza."

"Lakini naweza kubonyeza yangu?"

"Unaweza."

Unanijua. Toka nikuoe, hakuna bishano nilikuachia. Kidole ilikuwa juu. Sikubonyeza.

Nilipotuma mutu kukuambia, ulimujibu hukuona kaburi. Sasa nakuandikia nilichoona. Kiboko iligeuza mutumbwi wake. Nilifika bakiwa bamemulaza juu ya nyasi. Sura yake ilikuwa nzima, na ile kovu ya kidevu, ya jembe yako, niliigusa na kidole. Ni ndani ya mbuga, tembo walikuwa karibu, kwa hiyo askari alisimama na bunduki mpaka tukamaliza kufukia. Ni yeye, Kavira. Si Paluku mwingine.

Uliniuliza juu ya nini sirudi. Ni ile kitanda. Siwezi kulala ndani ya nyumba pahali kitanda ya mufu inatandikwa.

Kitabu ya kundi yetu haiwezi kutumwa mpaka mustari ule upone. Banangojea. Nimebaambia ufunguo ya lango niko nayo miye, basi bangojee vizuri. Nenda kwa bale ba Butembo, useme. Ukisema marehemu, sema weye mwenyewe, kwa jina yako. Kwa hii sitaki kukushinda.

Salimia dada yako muuza chumvi, na shemeji yangu katekista, ambaye bado anangojea nitubu maneno yangu ya kiburi.

Na ukisema bado nadanganya, muulize Kule, muvuvi aliyemutoa majini. Muulize Mama Mbambu, mupishi wa bavuvi, ndiye alimuosha. Muulize yule askari wa mbuga, alivua kofia. Na kidole yangu, kwamba ilikuwa juu na nikaitoa, muulize Biira.

Kasereka, bwana yako