Mashua Niliyoitoboa kwa Mdomo

Mpendwa mshauri Bi Tausi, naomba msaada wako lakini usinionee huruma, maana mimi si mtu wa kulialia, nauza mitumba sokoni hapa Tukuyu tangu biashara ilipoachiwa huru na hakuna mteja aliyewahi kunishinda maneno, ila safari hii nimeshindwa na maneno yangu mwenyewe. Mume wangu Ackson yuko Dar es Salaam, analinda mashua ya tanga ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao mpaka mvua ziishe, anaishi humo humo majini pale Msasani, na mwenye mashua amemruhusu kualika watu wake, basi ameandika twende baada ya Pasaka, mimi na baba yake, tukae wiki nzima, mchana tuwe tunapiga makasia kwa mtumbwi wake mdogo hadi nchi kavu tukaone jiji, Kariakoo, maghorofa, makumbusho, jioni turudi kulala mashuani. Nilifurahi mpaka nilipofika pale alipoandika kwamba ndani kuna chumba kimoja, mlango mmoja na choo kimoja.

Bi Tausi, kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Miaka tisa sijamtazama Mzee Anyosisye. Nikienda kwao Kyimo yeye hukohoa kabla hajakaribia, nami naingia migombani mpaka apite, na hivyo ndivyo tunavyoheshimiana. Sasa kumkatalia mume niliona aibu, na safari naitaka, nikamwambia mama mkwe kwamba mashua imetoboka, mzee asihangaike, nitakwenda peke yangu kumwona Ackson. Nikasahau kwamba mzee ni seremala! Jumapili mama mkwe akaja mbio: "Gwe mwana, mzee ameshafunga randa na misumari kwenye gunia, anasema mashua anayolala mwanawe hataiziba mtu mwingine. Na kanisani tumeiombea." Kibaya zaidi macho ya mzee yana ukungu, yanafifia kila mwezi, na amewaambia wajukuu anataka aione bahari angali anaona. Nimefikiria niseme mashua sasa imezama kabisa. Unaonaje?

Mkwe wa watu, Bagamoyo ya hapa Tukuyu, si ile ya pwani

*

Mkwe wa watu, mashua hiyo iache ielee. Umeitoboa ukiwa huko milimani, bahari hata huioni, sasa unataka na kuizamisha! Nimecheka peke yangu ofisini, lakini nilipofika kwenye macho ya mzee kicheko kikaniishia.

Mila yenu si ya kuchekwa, na baharini hakuna migomba ya kujifichia. Ackson amekosea, jiji limemsahaulisha ya kwao. Lakini wewe usijifiche nyuma ya mila. Kama ulitaka kulinda heshima ya mzee, ungebaki wewe. Mbona uliyemwachisha safari ni yeye? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye gunia la seremala. Nimekukasirikia, mwanangu, na nadhani ulitaka nikukasirikie, ndiyo maana ukaniandikia.

Sasa sikia. Leo funga meza yako ya mitumba mapema, nenda Kyimo ukamwambie mama mkwe kweli yote bila kuipunguza. Namna ya kumfikishia mzee ataijua yeye, hiyo ndiyo kazi yake kati yenu miaka yote. Kisha mwandikie Ackson kwamba wanakuja baba na mama, na mama ndiye atakayemshika mzee mkono wakati wa kupanda na kushuka. Wewe utakwenda wakisharudi. Jiji lipo, litakungoja, lakini macho ya mzee hayangoji. Na randa ibaki nyumbani, mashua ya mwenyewe isije ikatobolewa kweli.

Siku watakayorudi, chukua kuni zako uende ukakae jikoni kwa mama mkwe. Utasikia kikohozi, utasikia kiti kikivutwa barazani, halafu mzee ataanza kuwasimulia wajukuu habari za bahari, kwa sauti kubwa kuliko wanavyohitaji watoto waliokaa miguuni pake. Usitoke. Endelea kuchochea moto wako na usikilize vizuri, maana anakusimulia wewe.

Bi Tausi