Msumari wa Fabrice

Jumatatu, 8 Desemba

Kalenda tisa leo. Kwetu kazini Katindo, hapa Goma, kachumba kenye mashine mbili za kuchapa, Desemba ni mwezi wa familia. Wanaleta picha za harusi, za komunyo, za mtoto aliyepata diploma, nami naziweka juu ya miezi. Januari inaanza Alhamisi. Nimeiandika mara nyingi hadi vidole vinaijua vyenyewe. Watu wanacheka kuanzia Januari hadi Desemba. Nachoka kuwatazama.

Nyumbani bado hatuna kalenda.

Jumanne, 9 Desemba

Kila Desemba mimi na mdogo wangu Fabrice tulichagua kalenda ya chumba chetu. Lazima iwe ya michezo ya video. Lazima wote wawili tukubali, hata tukigombana wiki nzima. Msumari uko juu ya kitanda chake. Mmoja anatundika, mwingine anasimama mlangoni na kuongoza: kulia, kushoto. Mwaka ukiisha, kurasa tunazibandika kwenye mbao za ukuta kuzuia upepo na vumbi. Kwa hiyo nalala nimezungukwa na miaka yetu. Magari ya mashindano, mazimwi, wapiganaji.

Mwezi wa nne alikwenda Kampala kutafuta kazi. Tangu Agosti simu yake haipatikani.

Nimemwandikia: Tunachagua lini? Alama moja ya kijivu. Haijamfikia.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimezunguka mjini tangu asubuhi nikitafuta kalenda. Watakatifu, maua, wachezaji wa mpira. Muuzaji mmoja alinipima kwa macho kutoka kichwa hadi viatu.

"Michezo ya video? Dada, na urefu huu wote?"

Wenzake walicheka. Nikacheka pia. Sijui kwa nini nilicheka.

Wakati wa kurudi nilipita kwenye chumba cha michezo tulichokuwa tukicheza, hapa Murara. Sasa wanauza saruji. Mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee mle ndani. Fabrice alisimama nyuma ya kiti changu ili wavulana wasinisukume zamu yangu ikifika. Alikuwa mdogo kuliko wote.

Jumanne, 16 Desemba

Papa Déo, mkubwa wangu wa kazi, ameniona nikitafuta picha za michezo.

"Wewe unatengenezea Goma nzima kalenda, halafu unalia huna? Jitengenezee, mama. Karatasi ni zawadi yangu."

Nimejaribu. Picha zimetoka na ukungu. Hata zingetoka safi: kuchagua peke yangu ni kama kucheza huku nimeshika maneti zote mbili za kuchezea, yangu na yake. Nashinda, na hakuna anayekasirika.

Nimefuta yote.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeipata.

Kwa mama anayeuza vitabu vya mitumba. Kalenda ya Ulaya, kila mwezi mchezo wake, haijawahi kutundikwa. Tatizo: ni ya 2015.

"Dada, huo mwaka ulishakufa," alisema. "Unaubeba uende kuuzika?"

Nilikuwa nairudisha kwenye rundo nikaona Januari. Inaanza Alhamisi. Februari, Jumapili. Nikapekua mpaka mwisho nimesimama palepale, watu wananipita. Siku zote ziko mahali pake. Hata Pasaka: tarehe tano Aprili, kama ninavyoiandika kazini. Mwaka unaokuja umefanana na ule siku kwa siku.

Na Oktoba ni mchezo wetu. Yule mpiganaji mwembamba wa kanzu nyekundu, miguu hewani. Wa Fabrice. Mwaka 2015 alikuwa na miaka kumi na moja na hakuna aliyemshinda Murara.

Nimempigia picha, nimemtumia. Unakubali? Alama moja.

Jumatano, 24 Desemba

Alama moja.

Kalenda iko chini ya godoro lake. Sitatundika kwa kura moja. Mama amenunua ya parokia na anauliza kama ule msumari uko wazi. Nimemwambia una mwenyewe. Jina la Fabrice halitaji tena. Anasema "ule mutoto", kama wa jirani.

Jumapili, 28 Desemba

Mama alitangulia kurudi kutoka misa. Nilipoingia, kalenda ya parokia ilikuwa kwenye msumari. Niliitoa kabla ya kuvua viatu.

"Unamuwekea nafasi mutu hata haulizi kama tunakula," Mama alisema.

"Weye ulishamuzika."

Nilisema hivyo. Kwa mama yangu. Nilichukua utani wa sokoni nikamtupia usoni. Alikaa kwenye kitanda cha Fabrice na kitenge chake cha misa, mikono juu ya magoti. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 30 Desemba

Mama haniongeleshi. Anaweka sahani yangu mezani na kutoka. Mboga ya sombe ilikuwa tamu. Hakuna wa kumwambia.

Kalenda saba za mwisho leo. Familia saba.

Nimefahamu kitu. Sisubiri Fabrice akubali. Nasubiri aniambie nimechagua vibaya, kwa sauti yake ile ya kero.

Alhamisi, 1 Januari

Mvua tangu asubuhi. Nilimwomba Mama msamaha akiwa anaosha masufuria. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Nikapanda kitandani kwa Fabrice nikatundika ile ya 2015. Ukiwa karibu na ukuta huwezi kujua kama imenyooka. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena.

"Imepinda."

Mama alikuwa mlangoni, mikono ingali na povu.

"Kushoto. Bado. Umepitisha. Rudisha kidogo. Hapo."

Akaja karibu. "Yake ni gani?"

Nikafunua hadi Oktoba. Aliinama kumtazama yule wa kanzu nyekundu.

"Mwembamba hivi. Huyu naye hakuli?"

"Lakini anashinda wote, Mama."

"Fabrice naye alikuwa hakuli. Sahani unaikuta imejaa."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akarudisha kurasa mwenyewe, moja moja, Septemba, Agosti, hadi Januari. Ya parokia ameitundika jikoni.

Nimemwandikia Fabrice: Tumetundika. Kura yako amepiga Mama.

Alama moja. Nimeiacha simu kitandani kwake na kwenda kuchambua mchele.