Sitini na Nane ya Bosibori

Kerubo,

Binti yako amekubaliwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu hukuwa na subira na watu wanaozungusha maneno, hasa mimi.

Tangu tukuzike hapo Ikonge, kiti chako katika idara yetu huku Kisii amepewa kijana mpole ambaye habishani nami. Unaijua adhabu hiyo? Naongea kutwa nzima na hakuna wa kuniambia nimekosea.

Bosibori alikuja kwangu akiwa amekata tamaa. Alitaka kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, na chuo kile kinadai wastani wa pointi tatu kati ya nne. Wastani wake ni asilimia sitini na nane. Akagawa kwa mia, akazidisha kwa nne, akapata mbili nukta saba mbili.

"Anko, mimi sifiki. Wacha tu."

Mtoto wa Kerubo, kugawa hivyo! Wewe ungecheka. Mimi nilipandwa na hasira. Nikafungua kompyuta nikaanza makala kali dhidi ya mabwana wanaopima watoto wetu kwa mizani yao. Aya tatu zilitoka zikiwaka moto. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinizima mbele ya wahadhiri wote: "Omogaka, mzee wangu, umemaliza kupiga kelele? Haya, sasa tupige hesabu."

Nikafuta yote.

Tukafanya ulivyozoea kutusisitizia, kwamba wastani haubadilishwi. Kila somo hubadilishwa kivyake, kisha ndipo utafute wastani wa pointi. Kwetu sabini kwenda juu ni A, pointi nne. Sitini hadi sitini na tisa ni B, pointi tatu. Masomo yake yote yana uzito sawa: nusu alipata sabini na kitu, nusu sitini na kitu, hakuna C hata moja. Tatu na nusu, Kerubo! Bosibori alirudia hesabu mara mbili, kisha akafunika uso kwa leso yako ile ya kijani.

Tukatuma matokeo pamoja na maelezo ya viwango vyetu. Wale niliotaka kuwachoma kwa kalamu walihesabu wenyewe, wakapata ileile. Hawakuwa maadui. Walihitaji tu kuelezwa.

Siku ile sokoni Daraja Mbili nilipolalamika kwamba ndizi ni ghali kuliko za kwetu Nyamira, ulininyanyulia fungu, kubwa maradufu ya la kwetu, mbele ya muuzaji: "Umeuliza bei. Mbona hujaangalia fungu?" Mama yule alicheka mpaka akaniongezea ndizi moja. Mimi nilinuna hadi stendi. Nimesoma vitabu vingi, lakini mkaidi kama mimi alihitaji fungu la ndizi, na rafiki asiyeogopa kelele zake. Asante. Ulipokuwa hai sikulisema, kwa sababu ungenikumbusha kila siku.

Kabla hajasafiri nitamleta Ikonge, akuage mwenyewe.

Nami nakuahidi hivi: mwanafunzi yeyote akiniletea asilimia yake akilia, nitauliza kwanza imetolewa wapi na kwa viwango gani, kisha tutakaa tuhesabu somo kwa somo. Kelele zitafuata baadaye. Hizo siwezi kukuahidi kuziacha.

Lala salama, rafiki yangu.

Momanyi