Maneno ya Bibi na Kinyume Chake

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya nne.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu za huyu mtoro wa barua. Za siku nyingi? Kaka yangu hajambo, au kikohozi bado kinamsumbua na dawa anaificha chini ya mto? Na goti la mama linaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza, maana leo nina kalamu, nina meza, na hakuna mtu aliyeketi mbele yangu.

Kwanza niwie radhi. Kila Jumapili nilipopiga simu nilikwambia kazi ni nzuri, nawe ukanitania kwamba nimenenepa mpaka nimeanza kuringa. Wifi, simu ile ilikuwa inakaa kwenye droo ya madamu. Alikuwa ananipa dakika kumi, naye kaketi hapohapo ananitazama usoni. Kiswahili hakijui, lakini machozi hayahitaji mkalimani. Basi nikawa nacheka.

Kuanzia hapa usimsomee mama. Msomee tena nitakapokwambia.

Kazi yangu unaijua: namtunza mama yake madamu, ambaye mimi namwita Bibi. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na maneno yakampotea. Usichokijua ni kwamba madamu akitoka saa moja asubuhi, alikuwa anatufungia kwa nje na kuondoka na ufunguo mpaka saa kumi na mbili jioni. Pasipoti yangu aliiweka kwenye kabati la chumbani kwake siku ile ile niliyofika. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nilikanyaga barabara mara mbili tu, zote nikisukuma kiti cha magurudumu kwenda hospitali. Dunia yangu ilikuwa dirisha la jikoni: fundi wa matairi ng'ambo ya barabara, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mashuka kwenye roshani. Tulizoea kupungiana mikono. Siku aliyohama niliomboleza kama nimefiwa, na hata jina lake silijui.

Madamu huongea nami kwa Kiingereza, kwa kuwa wakala alimhakikishia kwamba nakijua. Mimi nilikuwa najua "yes" peke yake, na hiyo "yes" ikaniponza. Aliniuliza kama ni mimi niliyevunja birika, nikasema "yes", na birika lenyewe sikuwahi kulitia machoni. Akaniuliza kama sina haja ya siku ya mapumziko, nikasema "yes" na tabasamu juu. Mimi huyu, ambaye kwenu hapo nikianza kuongea mnatafuta pa kukimbilia.

Kilichonifungua kinywa ni ugonjwa wa Bibi. Kila Jumanne na Ijumaa huja mwalimu wa kuongea, mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya raba na mkoba wa kadi. Asubuhi hizo madamu hufanyia kazi chumbani kwake. Mwalimu huweka kadi moja mezani, yenye picha na neno, na Bibi anatakiwa atafute kinyume chake kwa mkono wa kushoto. Chai yenye mvuke ni "hot", barafu ni "cold". Ndoo iliyojaa ni "full", iliyo tupu ni "empty". Mimi niliwekwa pale nizuie kadi zisianguke. Nilizizuia, na maneno nayo nikayashika.

Mwalimu akiondoka, tulibaki tunajifunza wawili kutwa nzima. Nikifua, nikikunja nguo, nikimgeuza kitandani, ni "up" na "down", juu na chini, "heavy" na "light", zito na jepesi. Lakini Bibi ana jambo lake. Kadi anachagua sawasawa, ila akifungua kinywa, neno linalotoka ni kinyume cha analolitaka. Siku ya kwanza bafuni alisema "cold", nikamwongezea maji ya moto, akaongeza sauti, "cold, cold", nami nikaongeza moto kwa bidii. Nusura nimchemshe. Tangu hapo nikajua kuyageuza maneno yake kama mtu anayegeuza shati lililovuliwa ndani nje. Tukawa tunaelewana kuliko watu wengi wenye ndimi nzima.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja, mwezi uliopita, mwalimu aliweka kadi ya mlango ulio wazi, "open". Bibi akasinzia. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza mimi kwa mzaha. Nikasema, "Locked."

"Hapana," akanisahihisha taratibu. "Kinyume chake ni 'closed'."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: mlango "closed", ukisukuma, unafunguka. Mlango "locked", unasukuma, haufunguki. Hapa kila siku, "locked".

Mwalimu aliweka kadi chini. Kisha akainuka kama anayekwenda kutafuta maji ya kunywa, akapita mlangoni, akashika kitasa. Madamu alikuwa amemfungulia aingie, na kwa mazoea akafunga tena na kutia ufunguo mfukoni. Kitasa kilizunguka, mlango haukwenda popote. Mwalimu akarudi, akaketi, akaendelea na somo.

Wifi, siku nne zilizofuata nilizimaliza roho ikiwa mkononi. Nilijilaumu. Kama angemwambia madamu vibaya, ningefukuzwa bila pasipoti, niende wapi?

Jumanne mwalimu alikuja na karatasi. Akamwita madamu, akamweleza kwamba kanuni za kazi yake haziruhusu mgonjwa kufungiwa ndani. Moto ukizuka, tutateketea wote wawili, na yeye atalazimika kuandika ripoti. Madamu alibadilika rangi. Akasema ni kwa usalama wetu. Kisha akasema mimi mwenyewe niliridhika, muulizeni. Nikaulizwa. Kwa mara ya kwanza nikasema "no". Nikaongeza kwamba mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, umekwisha miezi miwili nyuma, na nataka kurudi kwetu.

"Mama hawezi kuishi bila yeye," madamu akasema. Akainama mbele ya Bibi. "Mama, unataka abaki au aende?"

Bibi akasema, "Stay." Abaki. Wazi kabisa, sote tulisikia.

Madamu akafungua viganja kama mtu aliyeshinda kesi. Bibi akapiga mkono wa kiti, "stay, stay", macho yakiwa mlangoni na machozi yanamshuka upande mmoja. Mimi niliyajua maneno yale ukiyageuza ni nini. Lakini nani angeniamini, mimi mwenye kufaidika?

Mwalimu hakubishana. Alichukua kadi mbili, "stay" na "go", akaziweka juu ya magoti ya Bibi. Ule mkono wa kushoto ulichukua "go", ukaiweka kiganjani mwangu, ukanikunja vidole kimoja kimoja juu yake.

Madamu aliona. Akaenda chumbani, akarudi na pasipoti yangu, akanikabidhi. Aliniomba wiki tatu tu atafute mtu mwingine. Nilikubali.

Hapa sasa msomee mama.

Ninakuja mwisho wa mwezi. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na siku ya kwanza nilishuka ngazi zote nikafika kwa fundi wa matairi. Alinisalimu. Nikapanda tena juu kwa haraka kama mwizi. Wifi, mlango umefunguliwa, lakini mimi bado. Nikiwa nje namsikia Bibi kichwani, nikiwa ndani naisikia barabara. Siku hizi hataki kadi. Anageuza uso ukutani. Mchana namwandikia daftari huyo atakayekuja: Bibi akisema hivi, maana yake vile. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, na naogopa hatalisoma.

Nisalimie kaka, wanao wote, na mama mdogo wa dukani mwambie mdomo wangu umerudi. Mungu awafunike kwa rehema zake mpaka tuonane.

Siku yenyewe sitaitaja, na stendi msije kunipokea. Kwa mwaka na miezi miwili sijabisha hodi mlangoni kwa mtu. Nataka nisimame hapo nje, nibishe, na nimsikie mama akisema karibu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinitania.