Neno Moja la Bubu

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali skripti! Miaka yote hii nimeandika mapenzi ya madaktari, ugomvi wa matajiri na matangazo ya sabuni. Leo wamekubali vita vyangu. Bosi — mtayarishaji wetu, pesa ni zake na neno la mwisho ni lake — kanipigia mwenyewe. Kasema imemliza. Nikamuuliza, ukurasa gani? Kasema hajaisoma bado, mkewe ndiye aliyemsimulia.

Nimemwambia mke wangu. Kaendelea kukunja nguo. Kaka yake ndiye filamu yenyewe. Kikosini tulimwita Bubu, kwa sababu siku nzima ungeweza kupata kwake "ndiyo" moja, na wakati wa kula "chumvi". Mimi nilibeba redio mgongoni, yeye alitembea mbele yangu. Siku ile darajani yeye ndiye aliyeona kitu ng'ambo. Akageuka, akapiga ukelele: "Lala!" Tukajitupa chini wote. Yeye alikuwa bado amesimama, anatugeukia sisi. Basi. Mimi leo nina wajukuu na shinikizo la damu.

Vita vilipoisha nilikwenda kwao kutoa pole, nikarudi na mchumba. Utani wa hilo haujaisha hadi leo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amefika, ana miadi kliniki ya macho. Haoni tena zaidi ya vivuli. Binti yake keshamwambia habari za filamu — mdomo wake haukai! Bibi kizee kaniita nikae karibu naye. Enzi zile afisa mmoja alimwambia kwamba mwanawe alikufa kishujaa, akaaga, akaenda zake. Mimi nilipofika nilipewa chai, hakuna aliyeniuliza kitu. Kisha nikawa mkwe, na mkwe hachokonolewi. Leo kauliza kwa kuzunguka: "Kwenye hiyo sinema, mwanangu atasema lolote?"

Nikamwambia atasema. Nikataka kumwambia ni nini, akanizuia kwa mkono. Anataka kumsikia mwenyewe. Macho yamestaafu, kasema, masikio bado yapo kazini.

Kwa hiyo sasa nina kazi moja tu: neno lile lisiguswe.

Jumanne, 11 Machi

Leo tumesoma skripti mezani. Mwongozaji ni kijana ambaye hajawahi kuvua kofia mbele yangu, namwita Kofia. Atakayecheza Bubu ni Nyota, kifua kipana, meno meupe, sauti ya kutangaza benki. Alipofika darajani kasimama. Mbona anawaambia walale? Wamechoka?

Nikaeleza. Jeshini "lala" si kitanda na shuka. Ni tumbo chini, uso kwenye vumbi, sasa hivi. Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Kofia kaandika. Nyota kauliza kama anaweza kulisema mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya daraja. Wamelijenga kwa mbao, zuri kuliko letu. Askari ni vijana wa kukodi, wamepakwa tope na dada wa vipodozi aliyekuwa akiomba radhi kila anapompaka mmoja.

Kamera! Nyota kageuka: "Lala!" Na wale vijana wakalala. Wakalala kweli! Polepole, wakitafuta sehemu isiyo na mawe. Mmoja kajikunja ubavu, kiganja chini ya shavu, macho kafumba. Mwingine kaiweka helmeti vizuri, kaifanya mto. Watu wote wakaangua kicheko, hata mshika maikrofoni. Nami nikacheka, mbavu zikaniuma. Kisha nikaona aibu, nikaenda kusimama nyuma ya lori la jenereta. Nilimwona Bubu wazi kabisa, na yeye alikuwa hacheki.

Mara ya pili ikawa mbaya zaidi, kila mtu anabana kicheko. Mara ya tatu wakapatia, Nyota kakasirika kwa njaa, vijana wamechoka. Lakini Bosi alikuwa ameshaamua. Kasema ukumbi mzima utacheka. Kasema mtu hafi kwa neno moja, na Nyota hakulipwa kwa neno moja. Anataka hotuba, kesho asubuhi.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi nilikuwepo! Kanishika bega kwa upole: "Ndiyo shida yako, mzee wangu. Ulikuwepo."

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeandika hotuba kwa hasira. Nimetupia kila takataka ninayoijua: damu, udongo, vizazi vijavyo, mapambazuko, hata njiwa. Kikosi kizima kimesimama wima kinamsikiliza huku risasi zikivuma, na hakuna hata mmoja anayepatwa. Nilijua watasoma, wataona haya, watanirudishia neno langu.

Bosi amelia. Safari hii amesoma mwenyewe. Kofia kauliza ufundi huu nilikuwa nimeuficha wapi miaka yote. Nimejipalia makaa.

Jumapili, 8 Juni

Nimeitwa na mhariri wa filamu, mwanamke asiyecheka ovyo, chumba chake hakina dirisha. Kanionyesha ile mara ya tatu. Nyota amechoka, uso umekauka, kabweka tu: "Lala!" Ni yeye! Kwa nusu pumzi yule mtangaza benki alikuwa yeye.

Kasema ataiweka hiyo na kuitupa hotuba. Bosi huingia kule kula tu, hatazami. Nilitaka kumbusu mikono. Kaniambia niondoe viwiko kwenye mashine.

Mama mkwe, ambaye tangu kliniki hajarudi kwake, huuliza kila asubuhi, kabla ya chai: "Mwanangu kafika wapi?" Utadhani yuko safarini. Leo nimemjibu kwa moyo mweupe: yuko karibu, Mama.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho uzinduzi. Mhariri kapiga simu — jana Bosi alikuja bila chakula. Alitazama yote. Hotuba imerudi, na muziki umeongezwa.

Mke wangu kasema nimwambie mama leo kwamba hotuba ni yangu, asije akaiamini huko mbele ya watu. Kweli. Nikagonga mlango. Nikamkuta anachagua gauni kwa kupapasa. "Hili ndilo la bluu?" Nikasema ndilo. Nikatoka. Mimi niliyevuka mto na redio mgongoni!

Jumamosi, 16 Agosti

Zulia, kamera, watu wanaokumbatiana bila kufahamiana. Nikatambulishwa kama shujaa; nikapunga mkono kama mjinga. Mama mkwe alikaa kati yangu na mke wangu.

Ikafika sehemu ya daraja. Vinanda, njiwa, vizazi vijavyo. Nikadidimia kitini. Katikati Nyota kachomeka kitu chake, kitu kuhusu mama, wala sikukisikia vizuri — nilikuwa namtazama mama mwenyewe. Ukumbi ulilia. Yeye hakulia. Aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, mdomo wazi kidogo.

Kutoka pale kanishika mkono hadi garini. Garini kasema: "Kumbe alikuwa anajua kuongea."

Nyumbani, kasema, ilikuwa ndiyo mama, hapana mama. Hata asubuhi ile anaondoka kwenda vitani. Miaka yote hii alidhani aliondoka na kinyongo naye. Hakumwambia mtu. Kumbe maneno yalikuwa yamejaa kifuani, na pale darajani akayatoa.

Mke wangu aligeukia dirishani. Nikafungua mdomo: "Mama..." Bibi kizee kanibana vidole. "Ahsante, mwanangu. Umenitunzia maneno yake."

Nina furaha kwa ajili yake na aibu kwa ajili yangu, vyote kwa pamoja.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi hii hakunywa chai. Amevaa tena lile gauni, amekaa sebuleni, redio imezimwa, ameniita. Anataka kuyashika yote kwa moyo. Wewe ulikuwepo, kasema, niambie polepole, nitarudia. Ya vizazi vijavyo si muhimu. Nianze pale alipomtaja mama yake.

Pale! Mengine yote ni uongo wangu, ningeyamwaga kama maji. Hilo moja si langu. Halimo katika skripti yoyote. Nimesema nafuata miwani, nikaja chumbani, nikampigia Nyota. Simu imezimwa. Nimempigia mhariri, haipokelewi, ni Jumapili. Mke wangu kaingia, kafunga mlango. Naye hakumbuki, alikuwa analia. Kasema miwani iko usoni kwangu. Kasema nimwambie lile neno la kweli la kaka yake, au nitunge jingine, ila nisimwache pale peke yake.

Neno moja au mengi? Mke wangu ananitazama mlangoni, hanisaidii.

Sasa sauti inatoka sebuleni. Bibi kizee ameanza mwenyewe, anajaribu. "Mama," anasema. Anasema tena, taratibu, "Mama" — halafu anangoja apewe linalofuata.